Chanika na Njia ya Mikataba ya 1884

Katika siasa zetu jina la Mangungo limegeuka kuwa tusi. Kiongozi akitia saini mkataba mbovu, uwe wa madini au wa jambo jingine, hakawii kuitwa Mangungo bungeni, magazetini na vijiweni. Mwanafunzi wa shule ya msingi anajua kwamba mwaka 1884 mzee huyo wa Msowero, Usagara, alitia alama kwenye karatasi ya Mjerumani Carl Peters, na nchi ikaenda. Kinachosahaulika ni kwamba Peters hakuwa na karatasi moja tu. Alivuka kutoka Unguja hadi Saadani mwezi Novemba 1884, akakata Uzigua, akapita Nguru, akaingia Usagara, kisha akarudi pwani kupitia Ukami, na njia nzima alikuwa akikusanya alama za wazee. Katikati ya Desemba alikuwa Bagamoyo, mgonjwa wa homa, akiwa na mikataba ipatayo kumi na miwili mfukoni.

Nimetoka kuizunguka nchi hiyo. Nilianza chini ya milima ya Usambara, nikashuka Korogwe, nikakaa Chanika, kisha nikafuata barabara ya kusini hadi Msowero kwenyewe. Naandika ili msomaji aione Uzigua, sehemu ambayo wengi wetu huipitia usingizini ndani ya basi la Arusha, na ili tumsikilize upya mzee Mangungo kabla hatujalitamka tena jina lake kwa dharau.

Mazinde

Peters hakupita Mazinde. Nilianzia hapo kwa sababu ndiyo nchi ambayo mapatano kati ya mtawala na watu yana historia ndefu kuliko wino.

Ukitoka Mombo kuelekea Same, ukuta wa Usambara unasimama wima mkono wa kulia, mawe yake ya kijivu yakitokeza kati ya miti, na mkono wa kushoto bonde la Mkomazi linajitandaza hadi macho yanachoka. Juu kule ni baridi na ukungu, huku chini jua linachoma tangu saa mbili asubuhi. Nchi hizo mbili zimekuwa zikilishana siku zote. Pale Mombo akina mama wanauza karoti, peasi na plamu zilizoshushwa kutoka Lushoto alfajiri, na wanaopanda mlimani wanabeba mchele wa bondeni.

Masimulizi ya Washambaa yanasema utawala wao ulianza na mwindaji. Mbegha alitoka Kilindi, katika milima ya Nguu, akiwa amekosana na ndugu zake juu ya urithi. Alipanda Usambara na mbwa wake, akawaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama bila kubagua, akaamua kesi kwa haki. Watu wa Vugha wakampa nchi. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, yaani ukoo wa Mbegha, na nilivyokuwa nikiitazama ile milima kutoka Mazinde niliona jinsi masimulizi hayo yalivyo mkataba kamili. Mtawala ana wajibu wa ulinzi, mvua na hukumu. Watu wana wajibu wa utii na kodi. Na upande mmoja ukivunja, upande wa pili unajua la kufanya: baada ya Kimweri ya Nyumbai kufariki katika miaka ya 1860, na watoto wake kugombana, Wabondei waliwaasi Wakilindi na kuwatoa katika nchi yao. Vita hiyo wanaiita Kiva.

Aliyenufaika na ugomvi ule wa watoto wa Kimweri ni mmoja wao, Semboja. Aliiteka Vugha, lakini mwenyewe akapenda kukaa hapa Mazinde, kwenye njia ya misafara, ambako bunduki na nguo zilipita mlangoni mwake. Alipatana na Waswahili wa pwani, na mwisho na Wajerumani, waliojenga kituo Mazinde baada ya kuishinda pwani. Alidhani amepata rafiki mwingine wa kibiashara. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vugha wa ukoo huo huo. Urafiki uliokuwa ukiandikwa haukuwa ule aliouzoea.

Korogwe

Korogwe ni mji wa mto. Mto Ruvu, ambao ramani zinauita Pangani, unapita hapo ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, umebeba udongo wa Kilimanjaro, wa Meru na wa Upare. Wachungaji wanashusha ng'ombe ukingoni jioni, na soko la Manundu linajaa machungwa kiasi kwamba harufu ya maganda inakufuata hadi barabarani. Nilikula mihogo ya kuchoma na pilipili iliyotwangwa na chumvi na ndimu, nikatazama mabasi yakiingia na kutoka.

Bonde hili la mto ndilo lililokuwa njia ya kwenda Kilimanjaro, na mwaka 1885 karatasi zilikimbizana kuelekea huko. Mwezi Mei, Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alifika Kilimanjaro akakusanya matamko ya machifu kwamba wao ni raia wa Sultani huyo. Rindi wa Moshi alikuwa miongoni mwao. Mwezi Juni akafika Karl Jühlke, mwenzake Peters, na Rindi akatia alama kwenye karatasi ya Wajerumani pia. Wazungu waliosoma habari hizo waliona chifu asiyekuwa na neno moja. Mimi naona mtawala aliyewapokea wageni wawili kwa ukarimu mmoja. Kwake urafiki na mmoja haukumfukuza mwingine, na wala hakuna kati yao aliyeonekana kuwa na nguvu ya kuichukua Moshi.

Matokeo ya karatasi zile yanaonekana Korogwe kuliko mahali pengi. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika hapa 1902 na Mombo 1905. Mwaka uleule wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, na iliyonusurika safari ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 yalitoka mashamba yote yaliyojaza bonde hili. Mistari ya mkonge bado imenyooka hadi upeo wa macho pande za Ngombezi na Magunga.

Mkonge ulihitaji mikono, na mikono ilitafutwa kwa karatasi nyingine. Mwaka 1907 huko Usambara ulianzishwa mtindo wa kadi: kila mwanamume alipewa kadi iliyomlazimu kufanya kazi kwa mzungu siku 30 ndani ya kila miezi minne. Hakuna hata mmoja kati ya mababu wa watu wa Korogwe aliyekuwepo Peters alipokusanya saini zake. Lakini mtu mzima aliyekutwa barabarani bila kadi alikuwa anaulizwa kwa nguvu ya saini zile.

Chanika

Kutoka Korogwe barabara ya Handeni inaacha mto na kupanda polepole. Mikonge inapungua, mibuyu inaongezeka, udongo unakuwa mwekundu. Sindeni tulipita saa ambayo watoto walikuwa wakirudi shule na madumu ya maji mkononi. Uzigua ni nchi yenye kiu, na kila nyumba unayoipita imepangwa kwa kufikiria maji: mapipa chini ya michirizi ya bati, mabwawa madogo mabondeni, baiskeli zilizofungwa madumu manne manne.

Chanika ndiyo moyo wa mji wa Handeni. Stendi, soko, maduka ya mbegu na simu, mafundi cherehani kwenye baraza, yote yamejibana hapo, na kila mtu anaonekana kuwa ametoka kijijini asubuhi na atarudi jioni. Mahindi, ufuta na mihogo mikavu imewekwa kwenye magunia yaliyokunjwa midomo. Nilikaribishwa chakula cha mchana nyumbani kwa watu: ugali wa muhogo, mlenda uliopikwa na karanga, na mbuzi kidogo kwa heshima ya mgeni. Ugali wa muhogo unavutika na kuteleza, na mlenda wa Kizigua unautaka ugali huo huo, hautaki mwingine.

Mwenyeji wangu ni mzee aliyekuwa mwalimu. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia, na kabla sijamaliza kueleza kilichonileta akaniuliza swali lililonibaki safari nzima.

"Mwanangu, huyo Peters alipofika Uzigua, alimwendea nani?"

Nikamjibu kwamba aliwaendea masultani, kama alivyoandika mwenyewe.

"Uzigua ilikuwa na sultani?"

Haikuwa naye. Wazigua hawakuwa na mfalme mmoja kama Washambaa. Kila kijiji kilikuwa na zumbe, yaani mkuu wake, kila ukoo na wazee wake, na mtu mwenye uwezo alijikusanyia wafuasi kwa bunduki, kwa biashara au kwa hekima. Kisabengo, Mzigua, alikwenda kusini akajenga mji wake ulipo Morogoro leo. Bwana Heri alishika Saadani, akapigana na majeshi ya Sultani na hakushindwa. Walikuwa watu wakubwa, na hakuna kati yao aliyeweza kusema, "Uzigua yote ni yangu, naitoa." Ardhi ilikuwa ya ukoo, na wafu na watoto ambao hawajazaliwa walikuwa na sehemu yao. Mgeni alipewa mahali pa kulima akakaa, akiondoka pakarudi.

Kwa hiyo Peters aliwatengeneza masultani. Aliandika mwenyewe jinsi alivyofanya: anafika kijijini, anatoa zawadi, vinywaji vinapita, wanachanjiana udugu, karatasi inasomwa kwa lugha ambayo hakuna anayeijua, alama zinatiwa, bendera inapandishwa, bunduki zinapigwa hewani mara tatu. Alikuwa kijana wa miaka 28 aliyesafiri kutoka Ulaya kwa jina la uongo. Pale kijijini watu waliona mambo mawili wanayoyajua, zawadi na kuchanjiana, na moja wasilolijua. Waliyashika yale mawili. Udugu wa kuchanjiana ulikuwa na sheria zake kali: ndugu hamdhulumu ndugu, na akidhulumu damu yenyewe itamrudia. Kwa mizani hiyo aliyevunja mkataba tangu siku ya kwanza ni Peters.

Usiku ule nilisoma habari za watu wa Creek, wanaojiita Muscogee, wa kusini-mashariki mwa Marekani, kwa sababu nilitaka kuona kama mahali pengine mambo yalikwenda hivyo. Yalikwenda hivyo, na kabla yetu kwa miaka mia. Creek nao walikuwa miji mingi iliyokutana barazani, kila mji na wazee wake. Wamarekani walitaka mtu mmoja wa kuongea naye. Walimpata Alexander McGillivray, ambaye mwaka 1784 alipatana na Wahispania na mwaka 1790 akapatana na serikali ya George Washington kule New York, kama Rindi na wageni wake wawili. Mwaka 1814, baada ya vita, Mkataba wa Fort Jackson uliwanyang'anya zaidi ya ekari milioni 20, wakiwamo hata wale waliopigana upande wa Wamarekani. Mwaka 1825 William McIntosh na wenzake wachache walitia saini kuiuza ardhi iliyobaki Georgia. Baraza la Creek lilikuwa limeshapiga marufuku kuuza ardhi bila idhini yake, na adhabu ilikuwa kifo. Baraza lilituma watu, McIntosh akauawa nyumbani kwake.

Mkataba ule ulifutwa mwaka uliofuata, lakini ardhi ilikwenda kwa mkataba mwingine, na katika miaka ya 1830 Creek walihamishwa kwa nguvu hadi Oklahoma. Hata hivyo waliziweka karatasi walizopewa walipohamishwa. Tarehe 9 Julai 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya McGirt, iliamua kwamba nchi waliyoahidiwa Creek huko Oklahoma haijawahi kufutwa kisheria. Ahadi ya karne ya kumi na tisa ilisomwa upya, kwa faida ya waliokuwa wameishika.

Asubuhi nilimsimulia mwalimu. Alinyamaza, kisha akanichukua hadi kijiji cha jirani, kwa shemeji yake, mkulima wa mahindi na ufuta. Yule bwana aliingia ndani akatoka na bahasha ya plastiki. Ndani yake mlikuwa na hati ya hakimiliki ya kimila. Niliiangalia kwa karibu. Juu ina nembo ya taifa. Chini kuna picha ndogo yake na ya mkewe, majina yote mawili, ramani ya shamba iliyochorwa kwa pembe zake, majina ya majirani wa pande zote, saini ya mwenyekiti wa kijiji na ya mtendaji. Mke hajui kuandika, ametia dole gumba. Alama hiyo ya wino wa buluu ilikuwa imetulia wazi, mistari ya kidole ikionekana mmoja mmoja.

Wakati wa kupima shamba, alinieleza, majirani walisimama kwenye mpaka na kila mmoja akasema lake mbele ya kamati. Nakala moja anayo yeye, nyingine imo kwenye masjala ya kijiji, nyingine wilayani. Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kuandikishwa chini ya MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha mali za wananchi. Na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Wazee wa Creek wangeielewa sheria hiyo mara moja.

Mke wake alikuwa akisikiliza huku akichambua mboga. "Mimi sijasoma," alisema, "lakini walinisomea mara mbili, na niliposema hapa sijaelewa, wakarudia."

Katika mikataba yote ya mwaka 1884 hakuna mahali palipoandikwa kwamba mzee alisema hapa sijaelewa, wakarudia.

Chogo

Upande mwingine wa Handeni kuna makazi ya Chogo, na ukitaka kujua Uzigua imeumizwa kiasi gani na ahadi, fika huko.

Katika miaka ya 1830 Uzigua ilipigwa na njaa kali. Watu walishuka pwani kutafuta chakula. Masimulizi ya wajukuu wao yanasema waliahidiwa kazi na posho ng'ambo, na kwamba wangerudi njaa ikipita. Walipakiwa majahazini, wakashushwa pwani ya Wasomali, wakauzwa. Baadaye wengi walitoroka wakiongozwa na mwanamke, Wanakhucha, wakitaka kurudi kwao kwa miguu, wakaishia kwenye misitu ya Mto Juba. Walilima huko kwa vizazi, wakiendelea kusema Kizigua. Vita ya Somalia ya miaka ya 1990 ilipowafukuza, baadhi walikimbilia Kenya, na baadhi wakashuka hadi Tanzania, wakitafuta nchi ambayo babu zao walikuwa wameitaja tu.

Serikali iliwapa Chogo, na mwaka 2014 wengi wao wakapokea vyeti vya uraia wa Tanzania. Nyumba zimepangwa kwenye mistari, mashamba ya mahindi yameanzia mlangoni. Niliwasikia akina mama wakiongea kisimani, na Mzigua niliyekuwa naye aliwaelewa, ila alisema wana maneno ambayo alikuwa ameyasikia kwa bibi yake pekee. Kijana mmoja alinionyesha cheti chake bila kuombwa. Mababu zake walipoteza nchi kwa ahadi ya mdomo katika njaa. Yeye ameirudia kwa karatasi yenye jina lake. Kutoka Chogo sikuweza tena kusema kwamba karatasi yenyewe ndiyo mbaya.

Lukigura na Mziha

Barabara ya kusini kutoka Handeni inashuka kwenye nyika pana, milima ya Nguu ikiwa mkono wa kulia, ya buluu kwanza, kisha ya kijani kadiri unavyoikaribia. Ndiko alikotoka Mbegha. Daraja la Lukigura ni la kawaida, na msimu wa kiangazi mto wenyewe unaweza kuuvuka ukiwa umekunja suruali. Hapo tarehe 24 Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliwapiga Wajerumani, siku chache tu baada ya kuichukua Handeni. Waingereza wakaenda kupiga kambi Mziha, na Wajerumani wakawa wanaipiga kambi hiyo kwa mizinga iliyotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyozama delta ya Rufiji mwaka uliotangulia.

Mziha ya leo ni mji mdogo wa njia panda, na nilipofika walikuwa wanachoma mahindi mabichi. Hakuna mzinga wala kaburi nililoliona. Lakini wapagazi waliobeba vyakula na risasi za pande zote mbili walitoka katika vijiji hivi, na hakuna aliyewasomea mkataba. Mwaka 1919 nchi yao ilibadilishwa mikono huko Versailles, na safari hii hata alama ya mzee mmoja wa Uzigua haikuombwa.

Turiani

Baada ya Mziha mambo yanageuka ghafla. Mvua za Nguru zinashuka milimani, mito inatiririka mwaka mzima, na miwa ya Mtibwa inafunika ardhi yote hadi miguuni mwa milima. Migomba na mibuni imejificha kwenye mabonde ya juu. Misheni ya Mhonda, ya mapadri wa Roho Mtakatifu, ilifunguliwa mwaka 1877, miaka saba kabla ya Peters. Nguru ilikuwa imezoea wageni wa kizungu wanaoomba mahali pa kukaa, wakapewa, wakakaa, wakabaki kuwa wageni. Nadhani hilo linaeleza ukarimu ambao Peters aliukuta: waliotangulia hawakuwa wamedai nchi.

Nilikula Turiani ndizi za kupika na maharage, nikaoga maji ya mto yenye baridi ya mlimani, nikalala usingizi mzito.

Msowero

Kutoka Magole na Dumila unaelekea kusini, njia ya Kilosa, kwenye bonde pana lenye udongo mweusi. Msowero ni nchi ya mpunga na mahindi, milima ya Usagara imesimama magharibi, na jua likiwa linashuka bonde zima linang'aa. Hapa, mwishoni mwa Novemba 1884, Mangungo alikutana na Peters.

Nilikaribishwa wali wa shamba la nyumbani, uliopikwa kwa nazi, na samaki wa bwawani. Mama mwenye nyumba aliposikia nimefuata habari za Mangungo, uso wake ulibadilika. "Watu wanakuja kutuuliza kwa nini tuliuza nchi," alisema. "Anatukanwa na wasiojua hata Msowero iko wapi."

Basi turudi kwenye ile karatasi, maana maneno yake yanajulikana. Inasema Mangungo na Peters wanafanya urafiki wa milele, na kwamba Mangungo anatoa eneo lake lote kwa chama cha Peters kwa matumizi ya ukoloni wa Kijerumani. Peters alihakikisha pia kwamba inatamkwa kuwa watawala hawa hawako chini ya Sultani wa Unguja. Mangungo alikuwa na haja gani ya kutamka hilo? Hakuwa nayo. Wenye haja walikuwa Berlin, London na Unguja. Karatasi iliandikwa Msowero ili isomwe huko. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na tarehe 27 Kaisari Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya ulinzi juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Seyyid Barghash alipopinga, mwezi Agosti manowari tano za Kijerumani zilifika Unguja na kuelekeza mizinga yao kwenye kasri, akanyamaza. Na hata baada ya hapo chama cha Peters kilikuwa na vituo vichache tu bara. Mwaka 1888 pwani ilipoinuka chini ya Abushiri, na Bwana Heri akawakatalia Wajerumani huko Saadani, utawala wa chama hicho ulisambaratika. Ilibidi serikali ya Ujerumani imtume Hermann von Wissmann na askari wa kukodi, na vita ikaendelea hadi 1890.

Kama nchi ingekuwa imeuzwa kweli kwa alama ya Mangungo, manowari zile zilikuja kununua nini?

Naamini tumemhukumu mtu asiyestahili. Mangungo alimpokea mgeni kwa desturi yake, akafanya urafiki ambao yeye aliushika na mwenzake hakuushika. Hakuwa na nakala, hakuwa na mkalimani wa upande wake, na hakuwa na mamlaka ya kutoa kile anachodaiwa kukitoa. Kiongozi wa leo hana udhuru huo: ana wanasheria, ana Bunge, ana sheria ya mwaka 2017 inayoruhusu mikataba ya maliasili yenye masharti hasi ijadiliwe upya. Akisaini gizani, jina linalomfaa ni lake mwenyewe.

Walimu wa historia, leteni wanafunzi wenu kwenye barabara hii. Waanzie Chanika, wamuombe mkulima mmoja awaonyeshe hati yake, waisome mstari kwa mstari, wahesabu majina ya majirani walioshuhudia. Kisha waje Msowero, wale wali wa watu, wauone ukarimu ambao Mangungo aliutoa bure. Mwanafunzi atakayefanya hivyo atajua maswali ya kuuliza siku atakapowekewa karatasi mezani: nani ana haki ya kusaini, imesomwa kwa lugha gani, mkutano umekubali lini, na nakala yetu iko wapi.